Wapiganapo Tembo: Je, Mlaji Anahitaji Diski za Filamu za Ubora wa Juu?

Kila baada ya miaka michache wauzaji wa vifaa vya elektroniki humletea mlaji neno jipya. Lilianza kuwa VHS, likawa DVD, likafuata HD, na sasa ni 4K. Kila neno huja na ahadi kwamba picha itang'ara kuliko ya jana, na kila ahadi huja na bei yake. Somo hili lina lengo moja: kumwezesha msomaji kuipima ahadi hiyo kabla ya kutoa fedha zake.

Mfano tutakaoutumia ni ushindani wa mifumo miwili ya diski za filamu, HD DVD na Blu-ray, ulioanza mwaka 2006 na kumalizika mwaka 2008. Ushindani huo ulifanyika hasa Japani na Marekani, lakini mafunzo yake yanamhusu mlaji wa Dar es Salaam, Mwanza au Zanzibar. Deki na diski za mifumo hiyo hufika kwetu madukani, katika masoko ya mitumba, na katika mizigo ya ndugu waishio ng'ambo. Tena, mashindano ya namna hiyo hayajaisha. Hubadilika majina tu.

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza kueleza tofauti ya diski hizo, kukadiria kama jicho lake litaiona tofauti hiyo nyumbani kwake, na kuitambua bidhaa inayouzwa kwa jina lisilo lake.

1. Diski husomwaje?

CD, DVD, HD DVD na Blu-ray zote zina kipenyo cha sentimita 12. Ukiziweka mezani pamoja, mtu asiyezizoea hawezi kuzitofautisha. Tofauti imo katika alama ndogo mno zilizochongwa ndani yake na katika mwanga wa leza unaozisoma.

Mwanga wenye wimbi fupi hutoa kidoa kidogo, na kidoa kidogo huweza kusoma alama zilizobanana zaidi. Mfano wake ni wa waandishi wawili waliopewa karatasi za ukubwa mmoja: mwenye kalamu nyembamba ataandika maneno mengi kuliko mwenye kalamu nene. CD husomwa kwa leza yenye wimbi la nanometa 780, DVD kwa leza nyekundu ya nanometa 650, na HD DVD pamoja na Blu-ray kwa leza ya buluu-zambarau ya nanometa 405. Kwa sababu hiyo uwezo wake ni huu:

– DVD: gigabaiti 4.7 kwa tabaka moja, 8.5 kwa matabaka mawili.
– HD DVD: gigabaiti 15 kwa tabaka moja, 30 kwa matabaka mawili.
– Blu-ray: gigabaiti 25 kwa tabaka moja, 50 kwa matabaka mawili.

Msomaji atauliza: ikiwa HD DVD na Blu-ray hutumia leza ya aina moja, kwa nini uwezo wake haulingani? Jibu limo katika umbali wa data kutoka uso wa diski. Katika HD DVD data imekaa milimita 0.6 ndani, sawasawa na DVD. Katika Blu-ray imekaa milimita 0.1 tu, karibu kabisa na uso, hivyo leza huweza kukusanywa katika kidoa kidogo zaidi. Kila uamuzi ulikuwa na faida na gharama. Viwanda vya DVD viliweza kurekebishwa kwa urahisi ili vitoe HD DVD, wakati Blu-ray ilihitaji mitambo mipya na utando mgumu wa kukinga uso dhidi ya mikwaruzo. Kwa upande mwingine, Blu-ray ilibeba data nyingi zaidi.

Data hizo zote ni za nini? Ni za picha. Picha ya DVD katika mfumo unaotumika kwetu ina pikseli, yaani nukta za picha, 720 kwa 576, ambazo jumla yake ni 414,720. Picha kamili ya HD ina pikseli 1920 kwa 1080, jumla 2,073,600. Hiyo ni mara 5 kamili. Basi ahadi ya mifumo yote miwili haikuwa ya uongo: picha yake ilikuwa na habari nyingi kuliko DVD. Tatizo la mlaji lilikuwa kwamba ahadi moja ilitolewa na milango miwili isiyofunguliwa kwa ufunguo mmoja.

2. Jinsi ushindani ulivyokwenda

Upande wa HD DVD uliongozwa na Toshiba, ukiungwa mkono na NEC, Microsoft na Intel. Upande wa Blu-ray uliongozwa na Sony, ukiwa na Panasonic, Philips, Samsung, Pioneer na wengineo. Mwaka 2005 pande hizo zilizungumza juu ya kuunganisha mifumo iwe mmoja. Mazungumzo hayo yalishindikana, na kuanzia hapo gharama ya kutokuelewana ilihamia kwa mnunuzi.

HD DVD ilitangulia sokoni: Japani mwishoni mwa Machi 2006, Marekani mwezi uliofuata, deki ya bei ya chini ikiuzwa dola 499. Deki ya kwanza ya Blu-ray iliingia Marekani Juni 2006 kwa bei ya takriban dola 1,000. Novemba mwaka huohuo Sony ilitoa mashine ya michezo ya PlayStation 3, ambayo ndani yake ilikuwa na deki ya Blu-ray. Hivyo aliyenunua mchezo alipata na deki, hata kama hakuikusudia.

Kampuni za filamu nazo ziligawanyika. Universal ilitoa filamu zake kwa HD DVD tu. Sony Pictures, Disney na Fox zilitoa kwa Blu-ray tu. Paramount ilianza kwa kutoa kwa mifumo yote miwili, kisha Agosti 2007 ikaamua kubaki na HD DVD. Warner ilitoa kwa yote miwili. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyetaka kutazama filamu za kampuni zote ilimlazimu kununua deki mbili, au deki moja ya bei kubwa yenye uwezo wa kusoma aina zote mbili.

Novemba 2007 duka la Walmart liliuza deki ya HD DVD ya Toshiba kwa bei iliyo chini ya dola 100. Wanunuzi wengi waliona wamepata bahati. Hata miezi mitatu haikupita. Tarehe 4 Januari 2008 Warner ilitangaza kwamba itaiacha HD DVD na kubaki na Blu-ray. Februari hiyohiyo Netflix, Best Buy na Walmart zilitangaza, moja baada ya nyingine, kwamba zinachagua Blu-ray. Tarehe 19 Februari 2008 Toshiba ilitangaza kuacha kutengeneza deki za HD DVD.

3. Nani aliyelipa?

Wahenga walisema, wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Kampuni zilipata hasara, lakini zilikuwa na mtaji wa kuzibeba. Toshiba yenyewe ilijiunga na chama cha Blu-ray mwaka 2009 ikaanza kuuza deki za mfumo uliomshinda. Mnunuzi hakuwa na njia kama hiyo. Deki yake iliendelea kufanya kazi na iliendelea kusoma DVD za kawaida, lakini filamu mpya za HD DVD zilikoma kutolewa. Baadhi ya wafanyabiashara walitoa kifuta jasho: Best Buy iliwapa wateja wake walionunua deki hizo kadi ya manunuzi ya dola 50, na Warner baadaye iliruhusu wenye diski zake za HD DVD kuzibadilisha kwa Blu-ray kwa kulipia ada ndogo kwa kila diski. Huo ulikuwa uamuzi wao wenyewe. Hakuna mlaji aliyeweza kuutegemea kabla haujatangazwa.

Mafunzo matatu yanapatikana hapa.

Fundo la kwanza: bei inayoporomoka ghafla inaweza kuwa dalili. Punguzo kubwa la bidhaa ya mfumo unaoshindaniwa linaweza kumaanisha kwamba muuzaji anamaliza akiba kabla mfumo haujafa. Kabla ya kufurahia punguzo, uliza ni filamu zipi mpya zitakazotolewa kwa mfumo huo mwaka ujao.

Fundo la pili: anayenunua deki ananunua pia ahadi ya watu wengine. Deki bila filamu ni sanduku. Ubora wa kifaa hauwezi kukilinda iwapo wenye filamu wamekiacha. Ndivyo ilivyokuwa hata zamani kwa Betamax ya Sony, iliyotoka mwaka 1975 na kushindwa na VHS ya JVC iliyofuata mwaka 1976, ingawa wengi waliisifu picha ya Betamax.

Fundo la tatu: hata aliyechagua upande ulioshinda anaweza kulipia haraka yake. Deki za kwanza za Blu-ray zilitengenezwa kwa kanuni za awali. Kuanzia Novemba 2007 deki mpya zilitakiwa kuwa na uwezo zaidi, kama vile kuonyesha picha ndogo ya maelezo ndani ya picha kubwa, na nyingine ziliongezewa uunganisho wa intaneti. Deki nyingi za awali hazikuweza kuongezewa mambo hayo. Filamu yenyewe zilicheza, lakini baadhi ya nyongeza zilizonadiwa kwenye jalada hazikuonekana.

Ni vema kuulinganisha mfano huu na jambo tulilolipitia wenyewe. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa nchini Tanzania, ikianzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, mwananchi asiye na king'amuzi na asiye na runinga ya kidijitali alibaki gizani. Mabadiliko yale yalikuwa ya lazima, na yalisimamiwa na dola. Mabadiliko ya diski ni ya hiari. Hakuna aliyezimiwa DVD yake. Mlaji akitofautisha badiliko la lazima na badiliko la hiari, nusu ya shinikizo la muuzaji huondoka.

4. Je, jicho lako litaona tofauti?

Ubora wa picha ni mnyororo wenye pete nne: diski, deki, waya na runinga. Pete moja ikiwa dhaifu, nyingine hazisaidii.

Diski iwe ya HD kweli. Deki ya Blu-ray ikipewa DVD, huweza kuikuza picha ijaze runinga kubwa, lakini haiwezi kurudisha habari ambazo hazikurekodiwa. Filamu nyingi za Kiswahili zilisambazwa kwa VCD na DVD. Kuzitia katika deki ya gharama kubwa hakuzigeuzi kuwa HD. Zaidi ya hayo, si kila deki ya Blu-ray inayosoma VCD, kwa hiyo mwenye hazina ya diski za zamani aulize kwanza.

Waya uwe wa HDMI. Waya wa vichwa vitatu, yaani wa njano, mwekundu na mweupe, haubebi picha ya HD. Mtu akiunganisha deki ya Blu-ray kwa waya huo, atatazama picha ya kiwango cha DVD kwa bei ya Blu-ray.

Runinga iwe na pikseli za kutosha. Baadhi ya runinga zilizoandikwa “HD” zina pikseli 1366 kwa 768 tu. Alama ya kutafuta kwenye boksi au katika kijitabu chake ni namba 1920 x 1080, au 3840 x 2160 kwa 4K. Namba hudanganya mara chache kuliko maneno.

Pete nne zikikamilika, hubaki mtazamaji mwenyewe na kiti chake. Jicho lenye afya huweza kutenganisha nukta mbili iwapo zimepishana kwa pembe ya takriban sehemu moja ya 60 ya digrii. Kutokana na kipimo hicho tunaweza kukokotoa umbali ambao ukiupita, jicho huanza kupoteza undani wa picha ya HD ya 1920 x 1080:

– Runinga ya inchi 32: takriban mita 1.3.
– Runinga ya inchi 43: takriban mita 1.7.
– Runinga ya inchi 55: takriban mita 2.2.

Inchi hizo hupimwa kutoka kona hadi kona ya kioo. Mtu anayekaa nyuma ya umbali huo bado ataiona HD kuwa safi kuliko DVD, lakini faida hupungua kila anaposogea nyuma. Akifika mara mbili na nusu hivi ya umbali uliotajwa, picha ya DVD iliyorekodiwa vizuri na picha ya HD hukaribia kufanana machoni pake. Chukua futi ya fundi au kamba, pima kutoka kochi lako hadi kwenye kioo, kisha linganisha. Kipimo hicho ni cha bure, na hakuna tangazo linaloweza kukibatilisha.

5. Hali ilivyo sasa

Blu-ray ilishinda HD DVD, lakini haikupata muda mrefu wa kutawala kama DVD ilivyotawala, kwa sababu filamu zilianza kupatikana kwa njia ya intaneti. Netflix, iliyoanza kwa kukodisha DVD kwa posta, ilifunga huduma hiyo ya diski Septemba 2023. Samsung iliacha kuleta deki mpya za Blu-ray katika soko la Marekani mwaka 2019. Hata hivyo mfumo haujafa. Tangu mwaka 2016 kuna Blu-ray ya 4K, yenye gigabaiti hadi 100 na picha ya pikseli 3840 x 2160, ambayo ni mara 4 ya HD. Ifahamike kwamba diski ya 4K haisomwi na deki ya kawaida ya Blu-ray, ingawa deki ya 4K husoma Blu-ray ya kawaida na DVD.

Je, diski imepitwa na intaneti? Jibu linategemea jambo ambalo mlaji analijua kuliko mwandishi wa tangazo: bei ya bando lake. Netflix hueleza kwamba kutazama kwa HD hutumia hadi gigabaiti 3 kwa saa, na kwa 4K hadi gigabaiti 7 kwa saa. Filamu ya saa mbili kwa HD, basi, huweza kula gigabaiti 6. Chukua bei unayolipia gigabaiti moja, izidishe kwa 6, kisha linganisha na bei ya diski. Kwa anayerudia filamu ileile mara nyingi, kama wafanyavyo watoto, diski hulipiwa mara moja. Bando hulipiwa kila mara.

Diski ina sifa nyingine mbili. Picha yake hubeba data nyingi kuliko ya intaneti, kwa kuwa filamu inayotumia gigabaiti 6 mtandaoni huweza kupewa gigabaiti 25 au zaidi katika Blu-ray. Pia diski ni mali: unaweza kuiazima, kuirithisha au kuiuza. Filamu ya mtandaoni ni ruhusa ya kutazama, na ruhusa huweza kufika mwisho. Upungufu wa diski ni kwamba deki zinazidi kuadimika, na deki ya Blu-ray huhitaji mara kwa mara kusasishwa programu yake ili isome filamu mpya. Kampuni ikiacha kutoa masasisho, diski mpya huweza kukataa kucheza.

6. Tahadhari sokoni

Diski inayoitwa Blu-ray lakini si Blu-ray. Kipimo chake ni rahisi. Leza nyekundu ya deki ya DVD haiwezi kusoma Blu-ray. Kwa hiyo diski yoyote inayocheza katika deki ya DVD ya kawaida si Blu-ray, hata jalada lake liwe la buluu na lenye nembo.

Diski moja yenye filamu nyingi za “HD”. Hapa inatosha kugawanya. DVD ya gigabaiti 4.7 iliyojazwa filamu 20 huipa kila filamu chini ya gigabaiti 0.24. Filamu ya HD ya mtandaoni hutumia gigabaiti 6, takriban mara 25 ya hiyo. Neno HD kwenye jalada la namna hiyo ni pambo. Mara nyingi diski hizo ni nakala zisizo na idhini ya mwenye filamu, na mnunuzi hana pa kuzirudisha zikigoma.

Deki ya mtumba au ya zawadi kutoka ng'ambo. Chunguza mambo matatu. Kwanza, umeme: deki iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutarajia volti 120, ya Japani volti 100, na umeme wetu ni volti 230, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuichomeka. Pili, msimbo wa eneo: kwa Blu-ray, Afrika imo katika eneo B pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati, wakati Marekani na Japani zimo katika eneo A. Kwa hiyo diski iliyonunuliwa London au Dubai huweza kukubaliana na deki ya kwetu, na ya Chicago ikakataa. Diski za 4K hazina msimbo huo. Tatu, jina la mfumo: maandishi “HD DVD” si sawa na “DVD” wala “HD”. Deki yenye nembo hiyo ni ya mfumo uliofungwa mwaka 2008. Inunue kwa bei ya deki ya DVD, au iache.

7. Mifano mitatu

Familia ya kwanza ina runinga ya inchi 32, na kochi lake liko mita 3.5 kutoka kwenye kioo. Hutazama filamu za Kiswahili za DVD na vipindi vya king'amuzi. Familia hii haihitaji Blu-ray. Umbali wake peke yake umeshaamua. Fedha hizo zitafaa zaidi kwa mahitaji mengine.

Familia ya pili ina runinga ya inchi 55 yenye 4K, hukaa mita 2, na hupenda filamu za kigeni ambazo huzirudia. Bando ni ghali mtaani kwake. Hapa deki ya Blu-ray na diski halisi zina maana. Kuhusu 4K, undani wa pikseli zake kwa inchi 55 huonekana kikamilifu kwa umbali wa takriban mita 1.1, hivyo kwa mita 2 faida ya pikseli ni ndogo. Faida inayoweza kubaki ni ya rangi na mwanga, ambayo haitegemei umbali. Inafaa familia hii iombe kuonyeshwa dukani kabla ya kulipa nyongeza.

Familia ya tatu ina runinga ya inchi 43 na intaneti ya malipo ya mwezi isiyohesabu gigabaiti. Hutazama filamu mara moja na kuendelea na nyingine. Familia hii haina sababu ya kununua deki ya aina yoyote, mradi ikubali kwamba inakodi filamu na haimiliki.

8. Kabla ya kulipa, na baada ya kulipa

Jiulize: Je, filamu ninazozipenda zinapatikana kwa mfumo huu, na zinauzwa hapa ninapoishi? Je, runinga yangu, waya wangu na umbali wa kochi langu vitaniruhusu kuuona ubora ninaoulipia? Je, kifaa hiki kitasoma diski nilizonazo? Je, zaidi ya kampuni moja inatengeneza deki za mfumo huu? Je, nikisubiri mwaka mmoja nitapoteza nini? Kama jibu la swali la mwisho ni “hakuna”, kusubiri ni uamuzi halali.

Ukiamua kununua, omba kifaa kijaribiwe mbele yako kwa diski ya mfumo unaotajwa, si kwa filamu iliyomo ndani ya flashi ya muuzaji. Dai risiti iliyoandikwa jina na namba ya kifaa, na dhamana kwa maandishi. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji au kumpa maelezo ya uongo juu ya bidhaa. Aliyeuziwa DVD kwa jina la Blu-ray, au runinga kwa idadi ya pikseli isiyo yake, anayo haki ya kurudi kwa muuzaji akiwa na risiti, na asiposikilizwa, kupeleka malalamiko yake Tume ya Ushindani. Hifadhi risiti, boksi na tangazo. Hivyo ndivyo vitakavyosema kwa niaba yako.

Maswali ya kujipima

1. Muuzaji anakuonyesha diski aliyoiita Blu-ray, anaichezesha katika deki ya DVD, na picha inatoka vizuri. Utasema nini?
2. Runinga yako ni ya inchi 43 na unakaa mita 4.5 kutoka kwenye kioo. Je, utaona tofauti kubwa ukihama kutoka DVD kwenda Blu-ray?
3. Deki ya mfumo mpya imeshuka bei kwa nusu ndani ya mwezi mmoja. Utauliza swali gani kwanza?

Majibu: (1) Diski hiyo si Blu-ray, kwa kuwa leza ya deki ya DVD haiwezi kuisoma. (2) Hapana, umbali huo umepita mara mbili na nusu ya mita 1.7. (3) Ni filamu zipi mpya zitakazoendelea kutolewa kwa mfumo huo, na kwa ahadi ya nani?